Jani Kavu au Jani Bichi: Mdudu Gani wa Kufuga Darasani Hapa Dodoma

Kila Januari, shule zikishafunguliwa na mvua ikiwa imekolea, walimu wenzangu wa sayansi huniuliza swali lilelile, na siku hizi hata wazazi: "Mwalimu, na sisi tunamtaka yule mdudu wa jani. Tutampata wapi?" Wamemwona kwenye simu. Ni mpana, wa kijani, mishipa ya jani imechorwa mgongoni, na pembeni ana mabaka ya kahawia kana kwamba kiwavi alishaanza kumla. Anatembea akiyumbayumba kama jani linalopigwa na upepo.

Huyo hamtampata. Mdudu-jani wa kwenye video, wa ukoo wa Phylliidae, ni wa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki hadi Australia. Kwa upande wetu amefika visiwa vya Bahari ya Hindi kama Shelisheli, lakini Afrika bara hayupo. Mwaka 1521 Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na meli za Magellan, alikuta kisiwani karibu na Borneo majani yanayotembea. Akatia moja kwenye sanduku, akakaa nalo siku 9, na mwisho akaamini kwamba linaishi kwa hewa tu. Humtaja huyu bwana kila mwaka darasani, maana kosa lake ndilo la kila mtoto wa darasa la tano: kumfungia mdudu kwenye chupa kabla ya kujua anakula nini.

Kumwagiza kutoka nje msifikirie. Mdudu hai haingii nchini bila kibali, na anayekula majani akitoroka atakula ya jirani. Tunao wetu wa kutosha. Kwa miaka kadhaa nimefuga wanne tofauti kwenye ndoo zilezile, na nitawalinganisha nilivyowaona mimi.

Wagombea

Wa kwanza ni vunjajungu. Simsemi yule mrefu wa kijani anayefuata taa ya barazani, ingawa naye si wa kudharau. Namsema mdogo wa sentimita 5 hivi, wa kahawia, aliyekunjamana kama jani la mwaka jana lililosahaulika tawini. Kichwani ana kishungi kilichopinda kama ncha ya jani iliyokauka vibaya. Shingo imetanuka na kuchongoka kando, na miguuni ana vipande vya ngozi vilivyochanikachanika. Wataalamu humwita Phyllocrania paradoxa, na ameenea sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa kuwa sijakuta jina lake la peke yake kwa Kiswahili, darasani tunamwita vunjajungu jani-kavu.

Jina lenyewe la vunjajungu lina kisa. Wazee walisema anayemgusa mdudu huyu atavunja chungu kitakachofuata kuingia mkononi mwake. Bibi wa mwanafunzi wangu mmoja alikataa kabisa ndoo yetu isilale nyumbani kwake, na sikubishana naye, vyungu ni vyake. Na kila mwaka, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, hakosekani mtoto wa kuuliza kama kwenye vunja jungu la mtaani kwao mdudu naye anaalikwa.

Wa pili ni panzi-jani, yule wa kijani ambaye mabawa yake husimama ubavuni kama majani mawili yaliyobandikwa, yenye mshipa mkubwa katikati na midogo ikitoka pembeni. Msimchanganye na panzi wa kawaida. Tazameni vipapasio: vya panzi wa kawaida ni vifupi na vinene, vya panzi-jani ni vyembamba kama uzi na virefu kuliko mwili wake. Hapo ndipo mtakapojua kwamba ni ndugu wa senene. Dodoma ya sasa ina watu wa kila mkoa, na mwaka nilipoleta panzi-jani wa kwanza, mwanafunzi aliyehamia kutoka Bukoba alimtazama kwa makini kuliko wote kisha akauliza kama anakaangwa.

Wa tatu ni kipepeo wa jioni, Melanitis leda. Mchana hulala chini penye majani yaliyoanguka, mabawa yamefumbwa. Utampita mara kumi. Giza likianza kuingia huruka chinichini kwa kushtukashtuka, hasa chini ya mwembe wenye maembe yaliyooza.

Wa nne kwa haki hakustahili kuwemo, maana si jani, ni kijiti. Nimemweka kwa sababu watoto humleta kila mara wakisema "Mwalimu, tumepata bua linalotembea", na kwa sababu ndiye mwenye matunzo rahisi kuliko wote. Tumwite mdudu-kijiti.

Nani anajificha kweli

Nikipima kwa kujificha peke yake, vunjajungu jani-kavu anashinda, na ushindi huo ulitugharimu. Mwaka mmoja mwanafunzi wa zamu ya usafi alifungua ndoo asubuhi, akaona jani kavu limeng'ang'ania kijiti, akaling'oa na kulitupa jalalani pamoja na taka za darasa. Alikuwa anasafisha, masikini. Tulitafuta mpaka kengele ya mapumziko bila kumpata. Tangu hapo ndoo ina karatasi imeandikwa kwa kalamu nene: USITUPE JANI.

Siri yake inaanzia kwenye umbo lakini haiishii hapo. Ukimpulizia kidogo hakimbii. Anatikisika mbele na nyuma, polepole, kama jani lililoshikwa na bua moja. Anayeijua Dodoma ya Julai, upepo ukipiga mchana kutwa na kila kitu juu ya mti kikicheza, ataelewa kwamba jani lisilotikisika ndilo linalotia shaka. Kwezi au kunguru akitazama mti wa mkungugu mkavu, anaona matawi yanayocheza. Anayetulia tuli katikati ya matawi hayo amejitangaza mwenyewe.

Panzi-jani naye hujificha vizuri sana, ila kwa sharti moja: awe juu ya kijani. Akiwa kwenye majani ya mpera, mtoto wa macho makali anaweza kumtafuta mpaka achoke. Ukimweka juu ya tawi kavu, hata mimi mwenye miwani namwona kutoka mlangoni. Ana udhaifu mwingine pia, nao ni kelele. Usiku dume husugua mabawa ya mbele na kutoa mlio mkali, kwa hiyo jike anamsikia, paka anamsikia, na mwenye nyumba anamsikia. Masikio yake, kwa wasiojua, yako miguuni, chini kidogo ya magoti ya miguu ya mbele. Hakuna kitu nilichowahi kufundisha kikawafanya watoto waguse magoti yao wenyewe kama hicho.

Kipepeo wa jioni nitamrudia, maana habari yake ni ndefu. Mdudu-kijiti anajificha sawasawa, hasa akinyoosha miguu ya mbele sambamba na kichwa, lakini ukishamwona mara moja umemzoea.

Watu hupenda kuuliza kama wadudu hawa hubadilika rangi kama kinyonga. Hapana. Kinyonga hubadilika ukimtazama. Vunjajungu jani-kavu anaweza kuwa kahawia, karibu mweusi, au hata wa kijanikijani kutegemea unyevu na mwanga wa mahali alipokulia, ila rangi hiyo huja hasa anapojivua gamba. Hapa namaanisha kujivua gamba kwa kweli, siyo kule kulikosikika sana kwenye majukwaa ya siasa mwaka 2011. Kuna jambo la ajabu zaidi linalotokea mbugani: baada ya moto kupita na nyasi kuwa majivu, baadhi ya panzi na vunjajungu wa Afrika hugeuka weusi wakijivua gamba, wakafanana na mabua yaliyoungua. Anayeishi vijijini kwetu, ambako mashamba na malisho huchomwa kila kiangazi, anaweza kwenda kutazama mwenyewe siku chache baada ya moto.

Chakula, na nani atakumbuka

Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo, na ndipo wengi huanguka. Watu huchagua mdudu kwa sura, halafu Ijumaa jioni kila mtu anaenda kwao.

Mdudu-kijiti na panzi-jani wanakula majani. Kanuni yangu ni moja: mpe jani la mti uliomkuta juu yake, wala usimfanyie ubunifu. Ukimkuta kwenye mpera, chuma mpera. Chomeka tawi kwenye chupa ndogo ya maji, ziba mdomo wa chupa kwa pamba ili asitumbukie, na badilisha kila baada ya siku mbili au tatu kabla majani hayajanyauka. Msichume mti uliopigwa dawa. Dodoma ina zabibu nyingi, na majani yake yanatamanisha kwa upana na ulaini, lakini mizabibu hupuliziwa dawa na mdudu wako atakufa kabla ya kipindi cha pili.

Vunjajungu anakula wadudu hai. Huyu wa jani-kavu hupenda vinavyoruka: nzi wadogo na nondo. Tunawakamata nzi kwa kopo lenye ganda la ndizi. Darasa zima hukusanyika siku ya kulisha, na kusema kweli ndiyo sababu ya wengi kumpenda. Wapo watoto wasiopenda kuona nzi akiliwa kuanzia kichwani, na hao siwalazimishi. Faida yake ni kwamba mkubwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula, hivyo Jumamosi na Jumapili si tatizo. Maji ndiyo ya kuangalia. Hewa ya hapa ni kavu mno kuanzia Juni, na vunjajungu akijivua gamba kwenye ukavu uliopitiliza hukwama, akatoka na mguu uliopinda au asitoke kabisa. Chupa ya kunyunyizia, kama ile ya saluni, mara moja kwa siku upande mmoja wa ndoo, inatosha. Na ndoo iwe na kimo: angalau mara tatu ya urefu wake, kwa sababu hujivua akiwa amening'inia kichwa chini.

Msiweke vunjajungu wengi pamoja mkidhani ni vifaranga. Huyu wa jani-kavu ana subira kuliko wenzake, na wakishiba wanaweza kukaa pamoja. Wakiwa na njaa hakuna undugu.

Kiwavi wa kipepeo wa jioni anakula nyasi. Ni wa kijani, ana pembe mbili kichwani kama mbuzi mdogo, na ukimkuta kwenye nyasi ing'oe nyasi hiyo na udongo wake uipande kwenye kopo. Kipepeo mwenyewe hanywi maua. Mpe embe au papai lililoiva hadi kuchacha. Hapo lazima niseme wazi kwamba kipepeo mkubwa hafugiki. Kwenye ndoo hupigapiga mabawa yakachanika siku hiyohiyo. Mfuge kiwavi, mwone akiwa pupa, akitoka mwachieni jioni. Kukiwa na joto, kazi yote huchukua kama mwezi mmoja.

Habari ya msimu

Dodoma hupata mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi saba ni ukame. Ukitazama ramani utasema hii ni nchi moja, lakini kwa mdudu ni nchi mbili. Ya kwanza ni ya kijani, ya pili ni ya kahawia, na anayetaka kuishi katika zote mbili anahitaji nguo mbili.

Panzi-jani hana nguo ya pili. Ndiyo maana Februari utamkuta mpaka kwenye pazia la sebuleni, na Agosti utamtafuta usimpate. Wakati huo wengi wao wako katika hali ya mayai, wakisubiri. Vunjajungu jani-kavu amechagua nguo ya ukame na kuishikilia mwaka mzima, kwani hata mvua zikinyesha majani makavu hayaishi kwenye vichaka vya kwetu.

Kipepeo wa jioni ndiye mwenye nguo mbili. Wale wa msimu wa mvua wana safu ya madoa kama macho upande wa chini wa mabawa, yenye duara na nukta nyeupe katikati. Wa kiangazi karibu hawana macho hayo. Badala yake wana rangi za jani lililokufa, kila mmoja na zake: huyu kutu, yule majivu, mwingine ana baka jeusi kama ukungu. Hata kingo za mabawa yao huchongoka zaidi.

Sababu inapendeza ukiifikiria taratibu. Wakati wa mvua kipepeo anahangaika kuzaa, na mazingira ni mabichi, kwa hiyo kujifanya jani kavu hakumsaidii sana. Macho yale ya uongo yako ukingoni mwa bawa, mbali na mwili. Ndege akidonoa, anadonoa jicho la uongo, bawa linachanika kidogo na mwenyewe anakwenda zake. Kiangazi hali inageuka. Hakuna haraka ya kutaga, maana nyasi za kulisha watoto hazipo, na kazi kubwa ni kutulia miezi mpaka mvua irudi. Kwa anayetulia juu ya majani makavu, jicho jeupe lenye duara ni kama kuwasha taa.

Nguo ipi avae huamuliwa wakati wa ukiwavi, na hali ya hewa ndiyo inayoamua. Hili lilichunguzwa sana kwa ndugu yake mdogo, Bicyclus anynana, ambaye kizazi kinachofugwa maabara hadi leo kilitokana na vipepeo waliokusanywa Nkhata Bay, Malawi, mwaka 1988. Viwavi wa mama mmoja wakilelewa kwenye joto la nyuzi 27 hivi hutoka na macho makubwa, wakilelewa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 20 hutoka na nguo ya kiangazi. Mbegu moja, mavazi mawili. Walimu wa darasa la sita wanaohangaika kufundisha namna mazingira yanavyoathiri viumbe, mfano wenu ndio huo, na gharama yake ni embe lililooza.

Usalama, kwa kifupi

Hakuna mwenye sumu kati ya hawa wanne. Panzi-jani mkubwa anauma, na utasikia, kwa hiyo mshike mgongoni au msimshike kabisa. Vunjajungu hubana kwa miiba ya miguu ya mbele akikasirika. Kipepeo hupukutisha vumbi la mabawa ukimshika vibaya. Mdudu-kijiti haumi, ila ukimvuta huacha mguu mkononi mwako na kuondoka. Akiwa bado mdogo, mguu mwingine utaota anapojivua gamba. Watoto wakubwa msiwaambie hili, watajaribu.

Pa kuwaokotea ni nyuma ya nyumba, kando ya shamba, chini ya taa. Swagaswaga na Mkungunero ni mapori ya akiba, na kilichomo humo kiacheni humo.

Sasa chagua

Una darasa la watoto themanini na kipindi kimoja kwa wiki: chagua kipepeo wa jioni. Wengi wataona kitu kinachobadilika, hakuna wa kulalamika kwamba hakumwona, na mwisho mnamwachia, hivyo likizo haimsumbui mtu. Anza Februari nyasi zikiwa zimejaa.

Una mtoto mmoja nyumbani, mpole, anayeweza kukaa saa nzima akitazama kitu kisichofanya lolote: vunjajungu jani-kavu, na hapo sisiti. Mtoto mwenye papara atamchoka siku ya tatu, maana siku nyingi ndoo itaonekana tupu. Kwa mimi binafsi huyu ndiye mdudu wa Dodoma, kuliko yeyote wa kijani. Wageni hufika hapa mwezi wa Septemba wakasema hakuna kitu, ni vumbi na miba. Mweke mmoja wao mbele ya tawi la mkungugu na umwambie kuna mnyama juu yake, kisha kaa umtazame anavyotafuta.

Hutaki kuua nzi, na unataka mdudu anayedumu hata ukisahau kidogo: mdudu-kijiti. Ana jambo lake moja la ajabu, nalo ni mayai. Jike huyadondosha moja moja chini kama mbegu, na katika aina nyingi jike hutaga na mayai kuanguliwa bila kuwahi kukutana na dume. Baadhi ya mayai hayo yana kijikofia ambacho sisimizi hukipenda. Huyabeba hadi shimoni kwao, wakala kofia na kuliacha yai salama chini ya ardhi. Basi msifagie ndoo yake kabla ya kukagua uchafu. Kuanguliwa huchukua miezi, na darasa lililoanza kazi huenda si litakaloona watoto.

Panzi-jani ninampa nafasi ya mwisho kwa hapa kwetu. Angekuwa wa kwanza kama ningefundisha Lushoto au Bukoba, kwenye kijani mwaka mzima. Kwa Dodoma mchukueni kwa wiki mbili za Februari, msikilize usiku, mwone masikio ya miguuni, kisha mrudisheni kwenye mpera wake. Na ndoo msiiweke chumba cha kulala.

Mwaka huu nitaweka ndoo mbili, vunjajungu upande wa dirisha na viwavi upande wa ubao. Vifuniko nimeshavikata katikati. Kimebaki chandarua cha zamani cha kubandika juu, na nimewaambia darasa la tano kwamba atakayeleta kisichotoboka ndiye atakayelisha wa kwanza.